Damu ya Bingwa

Daktari wa upasuaji aliyeitwa Bingwa alianguka Jumanne saa mbili asubuhi, hatua nane kutoka mlango wa chumba chake cha upasuaji, mbele ya watu wanne ambao hakuna hata mmoja aliyempenda. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Mguu wa kushoto ulimtoka, akaenda chali, na kisogo kikagonga ukingo wa toroli la vyuma kabla mgongo haujafika chini. Alizimia kwa muda ambao mmoja alisema ni dakika nzima na mwingine akasema ni nusu tu. Alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichofanya ni kumtukana mfagizi, na wote waliokuwepo wakaona basi, mzee ni mzima.

Walimpeleka mapokezi ya dharura kwa kiti cha magurudumu, naye njia nzima akiwaamuru wapunguze mwendo, kisha waongeze mwendo. Wakamshona nyuzi tatu, wakamtoa damu, wakampitisha kwenye skani ya kichwa. Picha ikatoka safi: fuvu halina ufa, wala hakuna damu iliyovujia ndani. Muuguzi wa zamu akamletea fomu ya kurasa mbili, kama alivyomletea kila aliyeingia pale akiwa ameumia kichwa, kumwomba ridhaa damu yake itumike katika utafiti wa maabara. Bingwa alisoma jina la mtafiti lililoandikwa juu ya fomu. Akaichana mara mbili na kumrudishia muuguzi vipande. Alhamisi alikuwa kazini.

Jina lile lilikuwa la mkuu wa maabara, mwanamke ambaye hospitali nzima ilimwita Sindano, na si kwa sababu ya kutoa watu damu. Kilichochoma kilikuwa mdomo wake. Alikuwa mke wa Bingwa kwa miaka kumi na minne, na sasa ulikuwa mwaka wa sita tangu waachane. Katika miaka hiyo sita hawakuwahi kusemezana ila kwa barua zenye nakala kwa mtu wa tatu. Watu walisema damu zao hazipatani, kisha wakacheka wenyewe, kwa kuwa mmoja kazi yake ilikuwa kuimwaga damu na mwingine kuipima.

Chuki yao haikuwa ya nyumbani tu. Bingwa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya utafiti, na mara mbili aliukataa utafiti wa Sindano, akisema mbele ya wajumbe kwamba hospitali haina nafasi ya mtu wa kupiga ramli kwa vichupa. Mara ya tatu ulipita kwa sababu mwenyekiti alikuwa likizo.

Na utafiti wenyewe ulikuwa huu. Mwili ukiumia popote, huwasha moto wake wenyewe mahali pale: panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto. Madaktari huuita mchochota. Ubongo nao ukigongwa huwaka hivyo hivyo, ila umefungiwa ndani ya fuvu, hauonekani wala haushikiki. Lakini moshi wake hutoka nje. Ndani ya saa chache damu huanza kubeba viashiria, na mtu mwenye mashine nzuri na subira anaweza kuvipima. Sindano alipima vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kiashiria cha mchochota wa jumla, ambacho hupanda mwili unapowaka mahali popote. Cha pili kilikuwa protini moja inayokaa ndani ya chembe za ubongo, isiyo na shughuli yoyote ya kufanya kwenye damu ya mkono. Aliowalenga ni wale wanaotoka kwenye skani wakiwa na picha safi, wakaambiwa nendeni nyumbani, kisha baada ya mwezi, wake zao wakawarudisha wakisema huyu siye mtu niliyeolewa naye.

Ijumaa asubuhi muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, ambaye wote walimwita Sista, aliteremka maabara. Hakuwa na kawaida ya kuteremka. Wakati wa talaka alikuwa upande wa Bingwa waziwazi, na Sindano alikuwa hajamsamehe wala hakuwa na mpango huo.

"Sijaja kwa ajili yako," Sista alisema, akiwa bado mlangoni. "Nimekuja kwa kuwa wewe ndiye mwenye mashine."

Sindano alimwambia aseme shida yake na aondoke.

Sista akaeleza. Jana yake Bingwa alikuwa ameomba koleo lile lile mara tatu, nalo likiwa mkononi mwake. Alimwita mtaalamu wa usingizi kwa jina la yule aliyekuwepo kabla yake, aliyefariki miaka miwili nyuma. Alikuwa akikunja uso kila taa ilipomwelekea. Hayo Sista aliyavumilia. Kisha akaletwa mtu wa ngiri ya upande wa kulia, na Bingwa akaweka kisu upande wa kushoto. Sista alimshika kifundo cha mkono. Miaka ishirini hakuna mtu aliyewahi kuushika mkono ule kazini. Bingwa alikitupa kisu kwenye beseni, akamwambia Sista aende nyumbani akapike, akatoka, na daktari mdogo ndiye aliyemalizia kazi. Leo asubuhi amekuja kama vile hakuna kilichotokea, na amemwandikia mganga mkuu wa hospitali barua ya kutaka Sista aondolewe.

"Jumatatu ana mtoto wa miaka minne wa kumpasua," Sista alisema. "Mimi sitakuwepo kumshika mkono."

Alipoondoka, Sindano alibaki peke yake, na alifurahi. Baadaye alilazimika kulikiri jambo hilo mbele ya mtu ambaye angetoa chochote asilisikie, kwa hiyo hakuna haja ya kulificha hapa. Alimwona akilini Bingwa amesimama katikati ya watu, hajui kushoto wala kulia, na picha hiyo ilimshukia kifuani kama maji baridi. Aliizungusha kichwani mara kadhaa. Halafu akamfikiria mtoto wa miaka minne, ambaye hakumjua jina wala sura, akasimama na kwenda kwenye friji.

Kanuni ya maabara ilikuwa kwamba damu inayobaki baada ya vipimo vya kawaida hutunzwa siku saba, kisha humwagwa. Kichupa cha Bingwa kilikuwa safu ya tatu. Kanuni nyingine, aliyoiandika Sindano mwenyewe na kuibandika ukutani, ilisema hakuna damu itakayoingia kwenye utafiti bila saini ya mwenyewe. Aliisoma. Akakitoa kichupa, akachota kidogo yale majimaji ya njano yaliyotuama juu, akayaingiza kwenye mashine, akakaa kwenye kiti kusubiri. Msaidizi wake alimuuliza namba ya mgonjwa ni ipi. Akamwambia hana namba.

Kiashiria cha mchochota kilitoka juu, mara nne ya kawaida. Protini ya ubongo ilikuwa juu zaidi. Miongoni mwa wagonjwa sitini aliokwisha kuwapima, ilikaa jirani na ya fundi mwashi aliyedondoka kutoka ghorofa ya pili. Alirudia kipimo tangu mwanzo. Majibu hayakubadilika.

Mganga mkuu wa hospitali alikuwa mtu mwembamba aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na aliyetaka kuumaliza bila kelele. Alizitazama kwa muda mrefu karatasi mbili za majibu alizoletewa na Sindano, na swali lake la kwanza halikuwa la ubongo. Aliuliza nani aliridhia. Sindano akasema hakuna. Aliuliza kama anajua watu watasemaje. Sindano akasema watasema mtalaka amepata pa kushikia, na kwamba yeye mwenyewe hajui kama watakuwa wanakosea, ila namba hazijaolewa na mtu wala hazijaachwa. Mganga mkuu alivua miwani, akapangusa, akampigia Bingwa simu aje.

Bingwa aliingia bila kubisha hodi. Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba. Alipomwona Sindano aliukaza uso, akabaki amesimama, akazungumza na mganga mkuu tu, kana kwamba kile kiti kingine hakikuwa na mtu. Mganga mkuu alimweleza kwa maneno ya kuzungukazunguka, mwisho akaishiwa na kumsukumia karatasi. Bingwa alizisoma huku amezisogeza mbali na macho. Akacheka.

"Mwambie huyo bibi," alisema, "kwamba kiashiria chake hata jino hukipandisha."

Akafungua mdomo wazi, akavuta shavu kwa kidole, akageukia dirishani waone vizuri. Gego la nyuma lilikuwa limeoza na fizi yake imejaa usaha. Lilianza kumsumbua tangu Jumapili, alisema, siku mbili kabla hajaanguka. Sasa aambiwe, ile damu inasema kichwa kinawaka au jino linawaka?

Sindano hakuwa na habari ya jino.

"Kwa kiashiria cha kwanza, hajakosea," alimwambia mganga mkuu. "Chenyewe peke yake hakisemi moto uko wapi. Huenda chote ni jino."

"Umesikia," Bingwa alimwambia mganga mkuu.

"Cha pili hakitoki kwenye jino. Jino halina ubongo. Hata la kwake."

Hapo ndipo Bingwa alipomgeukia kwa mara ya kwanza. Alimwambia kwamba damu ile ni mali yake, kwamba alikataa kwa mikono yake miwili na mashahidi wapo, na kwamba mtu anayechukua kitu cha mwenzake alichokatazwa ana jina lake, na jina hilo si mtafiti. Alisema miaka sita amekuwa akimtafuta, na sasa amemkosa kwenye makosa ya kweli akaamua kumtengenezea ya kwenye chupa. Mtaletewa mganguzi, alimwambia mganga mkuu, atawasomea na viganja. Sindano alimjibu kwamba kuhusu kuiba damu ana haki ya kulalamika, na alalamike, lakini Jumatatu asishike kisu.

"Wewe hukuweza kunipangia chakula cha jioni," Bingwa alisema. "Leo unipangie Jumatatu?"

Mganga mkuu aliinua mkono. Huenda alitaka tu kuyapoza mambo, maana sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta njia ya kutokea. Alisema basi, kwa kuwa daktari yuko sawa, awatajie tu Jumatatu ana akina nani, ili suala liishie hapo.

Bingwa akawataja bila kusitasita. Mama wa mfuko wa nyongo, kitanda cha nane. Dereva mwenye kidole tumbo. Mzee wa uvimbe wa shingo, anayeogopa sindano. Alisema umri wao, shinikizo la damu la kila mmoja, na dawa ambayo mzee haivumilii. Alitaja yote kwa ufasaha ule ule uliomfanya aitwe Bingwa, kisha akakunja mikono kifuani.

Mganga mkuu alikuwa na ratiba mezani na hakuitazama. Wagonjwa watatu aliowataja Bingwa walikuwa wa Jumatatu iliyopita. Aliwapasua yeye mwenyewe, siku moja kabla hajaanguka, na wawili walikuwa wamesharudi makwao. Mtoto wa miaka minne hakumtaja kabisa.

Bingwa alimtazama mganga mkuu, kisha akamtazama Sindano, na kwenye nyuso zao akasoma kwamba amekosea, ila hakuweza kujua wapi. Mikono ilimteremka. Sindano aliitazama sakafu. Alikuwa amengoja kwa miaka amwone Bingwa amekosa la kusema, na sasa lilipotokea alitamani mtu afungue mlango aingie na habari nyingine yoyote.

"Nani?" Bingwa aliuliza. "Nimemwacha nani?"

Mganga mkuu akamwambia.

Bingwa alikaa. Alipozungumza tena, alimwelekea Sindano, kwa sauti ya chini. Alimwambia ametimiza lake, na kwamba hata mbwa humuuma mtu asiyemjua, si aliyekula naye sahani moja miaka kumi na minne. Kisha akasema atakwenda kupigwa picha kwenye mashine kubwa ya sumaku, katika hospitali nyingine, na atakayempeleka ni binti yake.

Mashine ile iliona ambacho skani haikukiona: madoa matano madogo ya damu, kama punje za ulezi, mbele na pembeni mwa ubongo. Akapewa likizo ya miezi mitatu bila kugusa kisu, na uamuzi wa kurudi ukaachwa mikononi mwa jopo la madaktari. Jumatatu yule mtoto alipasuliwa na daktari mwingine, na Jumatano akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Binti yao alikuwa mwaka wa pili chuoni na aliishi na mama yake. Aliporudi kutoka kumpeleka baba yake, alipitiliza chumbani, akaanza kutia nguo kwenye begi. Sindano alisimama mlangoni. Alimweleza habari ya koleo, ya kisu, ya mtoto. Binti alisema yote hayo ameambiwa na Sista. Alichotaka kujua ni kimoja.

"Ulipoambiwa amechanganyikiwa, ulifurahi?"

Sindano hakuwa mwongo, na hilo lilikuwa tatizo lake tangu utoto.

"Mwanzoni, ndiyo," alisema.

Binti alifunga begi. Alisema baba hawezi kukaa peke yake, anasahau jiko linawaka, na kwamba huko atakuwa na mtu ambaye angalau ana sababu ya kuwa mkali. Hakuubamiza mlango. Aliufunga polepole, na hilo Sindano aliliona baya zaidi.

Maisha ya huko hayakuwa mepesi. Bingwa hakuvumilia mwanga, hivyo mapazia hayakufunguliwa. Hakuvumilia redio, maji kudondoka bafuni, wala kijiko kugusa sahani. Alimfokea binti kwa chai ya moto na kwa chai iliyopoa. Siku moja alimwita kwa jina la mama yake, kisha akamfukuza kwa kuitikia. Binti alikwenda ngazi za nje, akakaa nusu saa, akarudi ndani.

Wiki ya pili fomu ya kurasa mbili ilifika maabara ikiwa na saini. Jopo ndilo lililomshauri Bingwa atoe damu kila wiki, naye alikubali kwa sharti alilolipigia mstari: kichupa chake kisiguswe na mkuu wa maabara. Kikaguswa na msaidizi. Akawa mgonjwa wa sitini na moja. Sindano hakukigusa, ila namba zilipita mezani kwake kama za wengine, na kila Alhamisi alizitafuta kwanza hizo.

Pamoja na fomu kulikuja malalamiko ya kurasa sita. Yalikuwa ya haki tupu, na ndiyo maana yalimuuma. Sindano alipewa barua ya onyo, na utafiti wake ukasimamishwa kupokea wagonjwa wapya kwa miezi mitatu. Alisaini mahali palipoonyeshwa. Mganga mkuu alijaribu kumfariji kwamba alichofanya kiliokoa mtu. Sindano akamwambia kiliokoa, na kilikuwa wizi, na barua haina haja ya kuchagua moja.

Wiki ya tano Bingwa aliandika kwamba amepona na anataka kurudi. Gego lilikuwa limeng'olewa mwezi mmoja nyuma na fizi imefunga. Mganga mkuu, ambaye hakuwa na daktari mwingine wa kiwango kile na foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika getini, alielekea kukubali. Sindano aliliandikia jopo mistari mitatu. Protini ya ubongo imerudi kawaida. Kiashiria cha mchochota hakijarudi, bado ni mara mbili ya kawaida, na safari hii hakuna jino la kusingizia. Namba hazitoshi kumhukumu mtu, alimalizia, lakini zinatosha kumpima kumbukumbu kabla hajarudishiwa kisu. Wakampima. Alisomewa maneno kumi na mawili, na baada ya robo saa alikumbuka manne. Inasemekana aliwaambia maneno yenyewe yalikuwa ya kijinga. Akarudishwa nyumbani.

Alirudi kazini mwezi wa tano tangu aanguke, baada ya kufaulu vipimo vyote mara mbili mfululizo. Kiashiria kilikuwa kimeshuka wiki baada ya wiki, polepole, mpaka kikatulia. Jambo lake la kwanza kama mwenyekiti wa kamati lilikuwa kupiga kura ya kumnyima Sindano friza mpya. La pili lilikuwa kuandika kanuni, kwa mkono wake, kwamba mfanyakazi yeyote wa chumba cha upasuaji atakayegongwa kichwa ataombwa ridhaa ya kupimwa damu, kwa viashiria vyote viwili, na akikataa hatashika kisu mpaka jopo limwone. Kanuni ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko ambavyo Sindano angeiandika. Jina lake halikuwemo popote. Sista, aliyekuwa ameondolewa kwa barua ile, aliombwa arudi upande wa kulia wa meza ya upasuaji, akarudi, na hakuombwa radhi.

Walikutana kwenye ngazi, Bingwa akipanda na Sindano akishuka na trei ya vichupa. Hapakuwa na pa kukwepea. Bingwa alikuwa amekonda, na nywele za kisogo, pale kwenye kovu, zilikuwa zimeota nyeupe.

"Sitasahau ulichonifanyia," alimwambia.

"Usisahau," Sindano alisema. "Ni dalili nzuri."

Akasogea ukutani kumpisha, kwa sababu ya vichupa. Bingwa akapita bila kumgusa bega, akapanda taratibu huku ameshika chuma cha ngazi, na mlango wa juu ukajifunga nyuma yake. Binti yao bado aliishi kwa baba yake. Jumapili mbili kwa mwezi alikuja kwa mama kufua, na wakati nguo zikizunguka alikaa jikoni na simu yake. Jumapili iliyofuata Sindano alimuuliza kama atakula. Binti akasema ameshakula kwa baba. Baada ya muda, bila kuinua macho kwenye simu, akauliza ni chakula gani.